Rukara Hana Kazi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mchezo wetu wa mezani, mimi nikisimulia na wao wakiwa mashujaa, umeharibika tena. Wiki ya tatu! Majoka niliyoyatunga tangu Jumatatu, kila moja na jina lake na ubaya wake — Elick kayateketeza yote kwa neno moja la moto. Benedicto hakuchota hata kizibo cha namba. Huyu kaka yangu anachomelea mageti Lusahunga wiki nzima, Jumamosi anawasha pikipiki anakuja huku Nyakahura ili shujaa wake Rukara apigane. Na Rukara kasimama tu na upanga wake, kama mlinzi wa duka lililofungwa.

Elick alifurahi sana. Katoka Rusumo mpakani na usingizi wa ofisini, malori usiku kucha, lakini akikaa mezani anachangamka. Kazoba, shujaa wake, sasa anaruka, anazima mito, anafungua makufuli. (Mama hataki neno mchawi litamkwe nyumbani kwake. Tunasema mjuzi.) Deodata, mwalimu mwenzangu, naye kanung'unika kidogo, maana mrusha mishale wake ndiye fundi wa makufuli. Benedicto hakunung'unika. Hilo ndilo linaloniogopesha. Alikunja karatasi yake ndogo, ndogo, ndogo, akaaga.

Namba kwenye vizibo niziandike upya. Tangu tukose dadu ya pande ishirini tunachota vizibo vya soda kwenye kopo, na sasa kumi na moja na kumi na saba hazitofautiani.

Jumapili, 2 Machi

Nimemfuata Benedicto baada ya misa. Umekasirika? Hapana. Kweli? Kweli. Akafuta kiti cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi. Halafu akasema yote kwa mkupuo, bila kuniangalia.

Kwamba anamtazama Elick mezani. Kwamba mtu anayemaliza kila kitu peke yake, haulizi, hangoji zamu ya mwenzake — nyumbani atakuwaje? Na kwamba anamwita yeye shemeji, shemeji, shemeji. Nani kampa ushemeji? Ameuokota wapi?

Moyo ukanilia paa! Kwa sababu Jumapili ijayo mshenga anakuja. Mzee Rogasian, baba mdogo wa Elick, amekwisha kupanga safari. Baba hayupo, Mungu amrehemu, kwa hiyo neno ni la Benedicto. Akisema hapana, Mama hatamvuka. Nami sitamvuka. Ndivyo ilivyo.

Nilitaka kumwambia: si Elick, kaka, ni sheria za mchezo! Ningeonekana punguani.

Jumanne, 4 Machi

Lakini ni sheria. Ni sheria kabisa! Mwanzoni Kazoba alikuwa na neno moja kwa siku, akishalitamka anajibanza nyuma ya Rukara kama kifaranga. Tulicheka hadi machozi. Rukara ndiye aliyekuwa ukuta wetu. Sasa wote wamepanda ngazi. Rukara akipanda, anapiga kwa nguvu zaidi kidogo. Kazoba akipanda, anapata maneno mapya, na kila jipya linazaa mengine na yale ya zamani. Mmoja anajumlisha, mwenzake anazidisha. Mwalimu wa hesabu mzima, na sikuliona.

Niliyojaribu: nilimpa Rukara upanga wa moto. Kazoba ana moto tayari. Nilipunguza maneno ya Kazoba yawe matano kwa siku. Basi kila wakimaliza vita Elick anasema, tulale! — na wakiamka ana matano mengine. Nani atamzuia mtu kulala? Nikaleta majitu yasiyosikia maneno. Elick akacheka, akasema, Mwalimu, unanionea. Alivyocheka... nikayaondoa.

Hapo sasa. Niliyaondoa kwa sababu gani? Kwa sababu kacheka. Nampenda. Basi, nimeandika. Je, mezani nampendelea pia, na kaka ameona? Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita mara mbili, sikumbuki nilichosoma.

Jumatano, 5 Machi — Majivu

Mama hajala, mimi sijala, tumekaa na majivu yetu tukichambua maharage. Akaanza habari za babu, enzi za Ngara. Kwamba mtu alikuwa hachukui ng'ombe kwa mwenzake hivi hivi, hata awe na shida ya namna gani. Anakwenda na pombe yake. Anakaa. Anaomba kwa mdomo wake mwenyewe, anamsifu mwenye zizi, na mwenye zizi akiridhika anamgabia, yaani anampa ng'ombe akafuge. Kuanzia siku hiyo ni watu wa kuitana. Babu, eti, alikuwa hodari wa vita vya maneno lakini kuomba kulimshinda, akakaa bila ng'ombe mpaka bibi akaomba kwa niaba yake. Mama alicheka mwenyewe.

Mimi nimeacha maharage!

Mjuzi asiwe na nguvu zake mwenyewe. Neno kubwa linahitaji nguvu ya mwenzake aliye kando yake, na lazima amwombe kwa sauti, pale mezani. Mwenzake akikubali, anatoa sehemu ya uhai wake, na neno linatamkwa. Akikataa, basi. Rukara ana uhai kuliko wote. Rukara anakuwa zizi! Kazoba hapungui ukali hata kidogo, ila hawezi kuwa peke yake.

Na Benedicto ataombwa. Ataombwa na Elick, siku moja kabla ya mshenga. Ee Mungu, naomba iwe hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeijaribu na Deodata ofisini, mapumziko ya chai. Inafanya kazi! Yeye alikuwa Rukara, mimi Kazoba. Nilimwomba, akaringa, nikambembeleza, mwalimu mkuu akauliza kuna nini. Deodata kauliza: na wenzake wote wakiwa wameanguka? Afe kimya? Nikaongeza kifungu: mjuzi anaweza kutumia uhai wake mwenyewe, ila kwake gharama ni mara tatu. Haki itendeke. Sitaki mtu aseme sasa nampendelea Benedicto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Elick kumweleza sheria mpya.  Akasema, sawa Mwalimu, sheria ni sheria, kwani nani kakataa. Halafu akauliza kama Mama anapenda samaki wa Chato, Mzee Rogasian amletee. Nikasema anapenda. Akasema, lala salama, mke wangu mtarajiwa.

Vizuri. Kila kitu ni vizuri. 

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi

Siku ya Wanawake. Tumeandamana hadi ofisi ya kata na vitenge vyetu, hotuba ndefu, jua kali, sijasikia kitu. Wanakuja saa tisa. Mama amekwenda kwa mgonjwa. Vizibo vyote nimeviandika upya.

Jumamosi, jioni

Niko jikoni. Wao wako sebuleni wananisubiri. Nimesema naweka chai.

Niandike haraka. Mwanzo ulikuwa mzuri! Daraja, mto umejaa, jitu limesimama katikati. Mrusha mishale wa Deodata kaanguka mapema. Rukara akabaki darajani peke yake, na Benedicto — kaka yangu mimi, anayezungumza kwa kupimiwa — kasimama wima akapiga kelele! Kachota kumi na tisa. Kachota kumi na nane! Jitu likapiga goti. Hata Elick alimpigia makofi, na akaacha kusema shemeji, akasema kaka. Nikawaza, haya, yamekwisha, kesho nitavaa lile gauni la njano.

Jitu likainuka. Nililiinua mimi. Upanga haulitoshi, neno la radi ndilo linaloliweza. Nikasema, Elick, zamu yako.

Benedicto alikaa. Akaweka mkono mezani, kiganja juu.  Alikuwa tayari kutoa, mtu yeyote angeona! Alikuwa anatabasamu!

Elick akaangalia karatasi. Akaangalia ule mkono. Akageuza karatasi, akasoma kifungu cha mwisho kwa kidole. Natumia uhai wangu, akasema.

Nikamwambia, ni mara tatu. Akasema anajua. Nikamwambia, hautoshi, Kazoba atakufa. Miezi minane tumemlea Kazoba! Akasema, afe. Huku anacheka.

Deodata kapiga makofi, eti huyo ndiye mwanaume. Labda. Labda ni ushujaa, anamhurumia Rukara, anatoa roho kwa ajili ya rafiki. Nataka iwe hivyo. Lakini mimi nilikuwa mbele yake, nilimwona usoni alipoutazama ule mkono. Si huruma. Nilipokuwa mtoto nilimwona mtu akipita mbali na kisima cha jirani, ndoo tupu kichwani, ili asisalimie, asiombe maji. Ni uso ule ule.

Na kesho Mzee Rogasian anakuja kuomba. Kwa niaba yake.

Nifanye nini? Naweza kukifuta kifungu, mimi ndiye mwenye mchezo. Nitasema nilikosea hesabu. Naweza kulipunguzia jitu nguvu, likafa lenyewe, hakuna atakayejua — kama nilivyofanya kila mara.

Nasikia kiti. Ni Benedicto, sauti yake ya chini. Anamwambia taratibu, hakuna ubaya, Elick. Wewe niombe tu. Nitakupa.

Elick hajajibu.

Deodata amecheka kidogo, ameacha.

Chai inachemka, inamwagikia jiko. Siisogezi. Nikiisogeza sitasikia.

Bado hajajibu.