Dada Vero, Nimefika Dongobesh

Dada Vero,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Mama alitulea hivyo.

Nimeacha pombe. Usicheke. Zamani nikisema hivyo ulicheka mpaka machozi, ukanimiminia gongo na kusema, "Emi, acha kuringa." Tukanywa. Sasa nimeacha kweli, na wewe ndiye wa kwanza ninayetaka ajue.

Tulipotoka kukuzika makaburini, shemeji yako wa Balangdalalu alimchukua mwanao Agata. Alisema mbele ya ukoo mzima, "Mtoto hawezi kutoka kwa mlevi akahamia kwa mlevi mwingine." Mwanao alipanda pikipiki na begi lake la shule, akageuka kuniangalia mpaka wakapotea kwenye kona.

Nikajifungia ndani niache pombe peke yangu. Dada, nilitetemeka hata kikombe sikuweza kukishika, nikaanza kuona wadudu ukutani ambao hawakuwepo. Jirani akanipeleka zahanati. Unamkumbuka yule nesi wa Tabora, ambaye Kiswahili chake ulikuwa ukikiiga? Alinigombeza: "Mama, kuacha ghafla bila msaada kunaua!" Akanipeleka hospitali, nikalazwa, nikapewa dawa. Siku ya kutoka akaniambia, "Dawa imefanya kazi yake. Kilichobaki kinahitaji watu." Alikuwa amesikia kuna wenzetu wanakutana Dongobesh kila Jumamosi, wanasaidiana wasirudie.

Jumamosi ya kwanza nilifika, nikazunguka sokoni, nikarudi nyumbani Tlawi. Utamuulizaje mtu usiyemjua walevi wanakutania wapi? Jumamosi iliyofuata nikamwinamia mama mmoja muuza vitunguu saumu, nikanong'ona kwamba kuna ndugu yangu namtafutia msaada wa pombe. Alinitazama usoni.

"Ni ndugu yako, au ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

Akaanza kufunga vitunguu vyake kwenye kiroba. "Basi twende. Kule niko mwanamke peke yangu, nimechoka."

Huyo ndiye Mama Sulle. Ungempenda, ana mdomo kama wako.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la chekechea, watu wazima kwenye viti vidogo, magoti yamegusa kidevu. Nilimwamkia kila mzee, kisha nikakaa karibu na mlango. Mzee mmoja mfugaji kutoka mbuga za Hanang, amejitanda shuka lake, alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Watu wanasema nilikunywa pombe. Hapana. Mimi nilikunywa ng'ombe. Zizi zima." Tukacheka, na yeye akacheka, halafu akafunika uso kwa shuka.

Zamu yangu ilipofika nikawasimulia habari zako. Jinsi ulivyotapika damu, jinsi tulivyokubeba. Nilisimulia sana. Mama Sulle akanishika mkono, akasema taratibu, "Huyo tumemsikia, Mungu amrehemu. Wewe je?"

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi. Lakini akilini nilimwona Agata kwenye ile pikipiki, nikabaki.

"Naitwa Emiliana. Mimi ni mlevi. Leo sijanywa."

Yule mzee akaitikia, "Kwa leo, hiyo inatosha."

Sikuacha kwenda tena. Mvua ikinyesha, naenda. Nauli ikikosekana, natembea mpaka nipate lifti.

Halafu ikaja siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. Mjomba alikuwa amepikisha pombe ya mtama, mapipa yamejaa uani. Akanijia na kibuyu mbele ya wote. "Wewe ndiye umebaki. Onja wa kwanza, umheshimu dada yako."

Ile harufu! Mate yalinijaa mdomoni, sikufichi. Nilisimama nikakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha nikakiweka chini.

"Mjomba, nisamehe. Hiki ndicho kilichomlaza kaburini. Siwezi kumheshimu nacho."

Alifoka kwamba nimewaaibisha, kwamba nimekanyaga mila. Wapo walionipa kisogo, na mpaka leo hawajanisemesha. Mama Sulle, aliyekuja tangu asubuhi kunisindikiza, akanyanyua birika akaanza kumimina chai kana kwamba hakusikia kitu. Wa kwanza kunyoosha mkono apewe kikombe alikuwa shemeji yako. Alikunywa akiwa amesimama karibu yangu.

Likizo ilipofika alimleta Agata mwenyewe. "Tuanze na likizo," akasema. "Nitaona." Nikamjibu, "Uje wakati wowote, shemeji, hata bila kubisha hodi."

Amekuwa mrefu, dada. Ana paji lako la uso. Kila asubuhi akija kuniamkia, "Shikamoo, mama mdogo," ananisogelea mdomoni ananusa. Anadhani sijui. Mimi nainama, ili afikie vizuri.

Mama Sulle na mimi tumeomba lile darasa siku ya Alhamisi, kwa ajili ya wanawake tu. Nawajua wengi wanaokunywa wamefunga mlango, kama tulivyokuwa sisi. Mmoja ameshaniuliza, eti anamtafutia ndugu yake.

Pumzika, dada yangu. Sitakuahidi maisha yangu yote; kule tumefundishana kutoahidi hivyo. Ninachokuahidi ni asubuhi moja, halafu nyingine: Agata akininusa, atakuta chai.

Mdogo wako,
Emi