Barua Yako Haikufika Barazani

Taata,

Huu ni mwezi wa tatu, baba yangu, tangu tukuzike kibanjani, kati ya migomba yako, na leo ndiyo nimeweza kukuandikia. Kuna jambo nilikudanganya.

Ile barua uliyoniletea ofisini hapa Bilele, karatasi mbili za daftari, haikufika kwenye Baraza la Chuo chetu cha Kanisa. Ulipanda basi kutoka Rubya ukiwa na homa ili unipe mkononi. Hata chai ulikataa. Ulisema, "Wewe ndiye karani wao. Kwako haitapotea." Niliifungia kwenye droo, chini ya bahasha tupu. Ulipopiga simu kuuliza, nikasema wanaijadili. Ukauliza tena ukiwa wodini, nikasema bado wanaijadili, nawe ukamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Unaona? Wasomi hawaamui haraka." Ulisema kwa fahari, Taata. Nikatoka nje.

Niliogopa jina. Jina letu lilikuwa chini ya barua, na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Chuo kizima kilikuwa kinaingoja hiyo Taasisi ya Uongozi, jengo la ghorofa mbili ambalo familia ya Mheshimiwa na marafiki zake wanatujengea, jina lake likiwa juu ya mlango. Nani angetaka kusikia kutoka kwa katekista mstaafu kwamba mtu huyo, alipokuwa kiongozi huku kwetu, alituma mgambo wakate migomba ya watu ambao hawakwenda kuchimba barabara? Ulinisimulia jinsi Bibi alivyookota mikungu michanga chini, akaipika hivyohivyo.

Nimeisoma tena. Nilidhani ina hasira. Haina. Umekiri kwamba barabara ilijengwa na inatumika. Ndiyo tuliyokupitishia kwenda hospitali, nami nimekushika kichwa, nikiwaza hilohilo. Umeandika: "Kanisa limwombee, nami humwombea. Chuo kimsome, na mabaya yake yasomwe. Lakini tukiweka jina lake mlangoni, vijana watajua kiongozi anapaswa kuwa hivyo, na aliyewafundisha ni Kanisa."

Hayo wajumbe wa Baraza hawakuyasikia. Kikao kilikaa wiki mbili baada ya kukuzika. Mwenyekiti aliuliza kama kuna maoni yoyote ya wananchi. Msajili, bosi wangu, akanigeukia. Nikasema hakuna. Padre mmoja mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa anasitasita, akasema, "Basi, kama hata huko alikoongoza hakuna anayelalamika." Mikono ikanyooshwa. Nami nikaandika kwenye muhtasari, kwa mkono uleule ulioutegemea: hakuna pingamizi lililopokelewa.

Kwenye matanga Baba Mdogo alitania, "Kaka kafa anangoja majibu ya chuo, utadhani aliomba nafasi ya kusoma." Watu wakacheka, hata Mama. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nachochea moto.

Kikao kijacho ni Alhamisi. Kabla ya mengine yote, wajumbe huthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na mpaka hapo kosa linaweza kurekebishwa. Leo asubuhi niliitoa barua yako, nikaigonga mhuri wa kupokelewa, wa tarehe ya leo, nikaandika pembeni kwamba nilikuwa nayo tangu ukiwa hai. Nikampelekea Msajili. Aliisoma amesimama.

"Huyu ni nani wako?"

Nikasema ni baba yangu.

Akakaa, akavua miwani. "Koku, unajua ulichofanya?"

Sikujua kama anauliza juu ya droo au juu ya asubuhi hii. Nikajibu ndiyo. Akasema barua itaingia kwenye makabrasha ya Alhamisi, na kwamba nijiandae kuulizwa mbele ya wote kwa nini nilisema hakuna.

Nitaulizwa, Taata, na sina jibu zaidi ya woga. Huenda wakasoma na wakajenga hivyohivyo. Huenda mwezi ujao nikawa nyumbani napalilia kahawa na Mama. Nisamehe kwamba ulikufa ukiwasifu watu ambao hawakuwahi kukusoma.

Pumzika, waitu, baba wa kwetu. Watakachoamua, hata kama ni kukukatalia, nitakuja kukusomea kama kilivyoandikwa. Safari hii sitakutungia.

Mwanao,
Koku