Sampuli Namba Tisa

Jumanne, 2 Septemba
Daktari Solange amethibitisha leo: kipimo chake cha saratani ya ini kimekosea mara moja tu. Sampuli namba tisa, mtu mwenye afya, imesomeka kama mgonjwa. Kipimo chenyewe ni kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu, chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Protini ya ugonjwa ikinasa hapo, rangi ya mwanga inasogea kidogo. Kompyuta inaona. Habari nimeituma kwa mhariri kabla ya saa kumi.

Jumatano, 3 Septemba
Habari imetoka. Ndipo nikakumbuka kadi ya maabara.
Wiki iliyopita maabara ilikosa watu wenye afya wa kulinganishia, ikachukua damu ya waliokuwepo: mlinzi, dereva, mimi. Fiston, fundi wao, alicheka. "Mzee Haruni, damu yako iko na haraka kuliko wewe." Nilisaini kwamba sina ugonjwa. Hakuna aliyenipima kwanza, nami sikuuliza. Kazi yangu ni kuuliza.
Kadi yenye namba ya sampuli yangu iko kwenye pochi. Tisa.

Alhamisi, 4 Septemba
Sijamwambia mtu.
Zaituni, mke wangu, alikufa kwa ini. Homa ya ini aina ya B, kisha saratani. Tulijua macho yalipogeuka manjano, tukachelewa. Daktari aliniambia nami nikapime. Sikwenda.
Asubuhi nilijikuta mbele ya kioo, navuta ngozi chini ya jicho kama Zaituni alivyokuwa akifanya.
Jioni nilisikia ndala zake sebuleni. Hazipo. Nilizigawa mwenyewe msikitini, mtaani Rwezamenyo. Naandika nilichosikia.

Ijumaa, 5 Septemba
Ndala tena. Nimewasha redio.

Jumatatu, 8 Septemba
Solange alipiga simu. "Mzee, kuja. Kalamu uiache."
Wamerudia namba tisa kwenye vipande vitatu vipya. Jibu lile lile. Kipimo hakikukosea. Waliamini sahihi yangu kuliko mashine yao, nami nikatangaza kosa ambalo halikuwepo.
Nikauliza kama ana uhakika.
"Hapana. Huu ni utafiti. Hospitali ndiyo itasema."
Fiston alikuwepo. Hakutania.
Naogopa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemtumia mhariri sahihisho: sampuli namba tisa haikuwa kosa la kipimo. Akauliza nimepata wapi. Nikajibu: kwa mwenye damu.
Nyumba kimya leo.
Picha ya ini: Ijumaa, tarehe 12, saa mbili asubuhi. Niende bila kula.