Pengo la Spana Namba Kumi na Nne

Nyumbani, banda la gari,
S.L.P. 308,
Jumamosi, tarehe 21 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia, na wifi yangu amepata nafuu ya mgongo. Watoto waambie shangazi yao anauliza kama bado wanagombania kiti cha dirishani, au sasa wamekua na wanagombania simu.

Sisi huku tunaendelea. Wanangu wanasoma, shemeji yako bado ananyoa vichwa vya watu pale kona, na mimi bado nafundisha hesabu kwa wanafunzi wanaoogopa sehemu kuliko wanavyoogopa fimbo. Habari za Mama nitazifikia, maana ndizo hasa zilizonikalisha hapa kuandika. Kabla sijazifikia, niruhusu nikugombeze. Nimekaa na dukuduku wiki mbili, na nisipolitoa kwako nitakuja kumtolea mtu asiyehusika.

Lile boksi jekundu la soketi za kufungulia bolti ulilotuma lilifika salama. Tulilifungua mezani, watoto wakajiona sura zao kwenye vyuma, shemeji yako akapiga mluzi. Nakushukuru kwa moyo wako, na nasema hivyo bila kejeli. Lakini Kaka, hivi kabla ya kununua uliangalia namba? Soketi zote zile ni za inchi! Umesahau gari la Baba linafunguliwa na milimita, wewe uliyelifungua kabla mimi sijajua kushika bisibisi?

Ule ubao wa Baba unaukumbuka. Kila kifaa alikilaza juu yake, akakizungushia rangi nyeupe kwa brashi, akapiga msumari wa kukitundika. Kikichukuliwa, umbo lake linabaki linakutazama mpaka ukirudishe. Alikuwa akisema banda halifungwi mpaka kila mahali pamepata mwenyewe, na mara ngapi chakula kimepoa mezani kwa sababu ya koleo moja?

Siku hizi ninayevishika vifaa vile ni mimi, kwa hiyo acha nijisifu navyo kidogo. Kuna nyundo yenye mpini uliofungwa mpira wa tyubu ya baiskeli, haikutoki hata mkono ukiwa na grisi. Kuna bisibisi nene ya mpini wa njano. Kuna racheti kuukuu ya kuzungushia soketi, iliyofutika maandishi, ukiizungusha inalia kama mtu anayetafuna karanga kavu, na kwa mlio huo najua bolti imekaza au bado. Kuna kile kioo kidogo kwenye waya cha kuchungulia nyuma ya injini. Shemeji yako alikipeleka kazini kuwaonyesha wateja visogo vyao, nikamfuata hukohuko nikakichukua mtu akiwa amenyolewa upande mmoja. Na kuna lile bomba la chuma, urefu wa mkono, la kuvisha mpini wa racheti bolti ikileta ukaidi. Hakuna hata kimoja kinachong'aa, na sitabadilisha hata kimoja na boksi lako.

Ubaoni pana umbo moja tu lisilo na kitu, namba kumi na nne, na mimi na wewe tunajua iko wapi. Siku ya kuondoka ulikuwa unamsaidia Baba, ukaitia mfukoni mwa koti, ukapanda nayo ndege. Baba alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Akasema utairudisha. Tangu siku ile alifunga banda pengo likiwa wazi, yeye aliyetunyima chakula kwa koleo, na alifunga hivyo kwa miaka tisa mpaka alipotutoka. Kumzika hukuweza kuja, na hilo nililimeza. Lakini ile picha uliyotuma mwaka jana imenikaa kooni: spana ya Baba imetundikwa ukutani sebuleni kwako, imefungwa utepe! Kaka, ile ni spana. Haikuzaliwa kuvaa utepe.

Sasa nikueleze hasara yake. Breki ya mbele kulia ilianza kupiga kelele, pedi zimekwisha. Mimi nilikuwa shuleni nasahihisha mitihani. Shemeji yako, kwa nia njema kabisa, akaamua anishtukize. Akapandisha gari kwa jeki, akaweka magogo chini, akatoa tairi. Mpaka hapo nampa alama zote. Bolti inayoshika breki ni ya kumi na nne. Akaenda ubaoni, akakuta pengo. Akafungua boksi lako.

Akajaribu moja moja mpaka akapata iliyoingia. Imeandikwa tisa juu ya kumi na sita. Kwa milimita hiyo ni kumi na nne na robo na ushee, yaani inaingia lakini inacheza. Shemeji yako ni kinyozi, kidogo kikizidi kwake si neno, nywele zitaota. Bolti haioti. Akavisha bomba, akaning'inia kwa uzito wake wote, na uzito wake unaujua. Soketi ikazunguka, kichwa cha bolti kikabaki duara, hakina pembe hata moja ya kushikika.

Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya tairi, mikono magotini. Akasema, "Mke wangu, ile soketi ya kaka yako iliingia vizuri tu." Nikamwambia, "Hata kidole kinaingia vizuri tu, mbona hukufungua na kidole?" Tukanuniana siku mbili.

Unaweza kusema ni bolti tu, kuna nini cha kulia. Ndiyo maana nimesema nitafikia habari za Mama.

Tangu kile kiharusi, mguu wake wa kushoto unafundishwa upya kama mtoto. Kila Jumatatu na Alhamisi tunampeleka hospitali kwa mazoezi, na kabla ya haya kutokea alishaanza kusimama mwenyewe akiwa na mkongojo. Gari lingine hapandi. Hili la kwetu lina kile kishikio alichokichomelea Baba pembeni mwa mlango magoti yake mwenyewe yalipoanza kumsumbua, na Mama anakikamata, anajigeuza, anakaa. Tulijaribu teksi mara moja. Akakwama nusu ndani nusu nje, dereva akamwambia, "Bibi, fanya haraka, nimeziba njia." Mama akashuka, akamjibu, "Basi zibua," akarudi ndani na akaapa hatoki tena nyumba hii kwa gari la mtu.

Mtaalamu wa mazoezi alituonya tangu mwanzo: mguu ule ukikaa wiki tatu bila kufanyishwa kazi, utasahau ulichofundishwa, na kwa umri wake huenda usikumbuke tena. Wiki ya kwanza ikapita gari likiwa juu ya magogo. Wiki ya pili ikaingia. Nilikuwa namnyoosha mguu mwenyewe kitandani kama nilivyoonyeshwa, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na kila siku niliuona unazidi kuwa mzito mkononi mwangu. Niliogopa, Kaka. Nilikuwa nafundisha darasani huku nahesabu siku.

Fundi wa gereji ya jirani tunamwita Kesho Asubuhi, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Nilimwita Jumatatu, akasema kesho asubuhi. Jumanne hivyohivyo. Alipokuja siku ya tano alichungulia, akafyonza, akasema dawa yake ni kuchoma kwa gesi. Pembeni mwa mpira wa breki! Nikamuaga hapohapo kwa heri. Na nikuambie ukweli, nikimsikiliza nilikukumbuka wewe. Kila barua yako inasema utakuja mwakani. Wewe na Kesho Asubuhi mmesoma darasa moja.

Basi Jumatano nikavaa shati kuukuu la Baba nikaingia chini mwenyewe. Kutwa nzima nilikuwa nainyunyizia mafuta ya kutu. Kisha nikachukua soketi ya kumi na tatu, mojawapo ya zile chache za Baba ambazo kumi na nne haimo, ndogo kuliko kichwa cha bolti, nikaipigilia juu yake kwa ile nyundo ya tyubu mpaka ikajikata njia na kung'ang'ania. Racheti, bomba, nikaegemea polepole. Nilisikia mlio mkali nikadhani nimekata kila kitu. Racheti ikaanza kutafuna karanga zake. Kaka, nililia nikiwa nimelala chali na kutu machoni, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira.

Bolti mpya ilipatikana, lakini spana ya kuikazia sina. Nikaenda kwa mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, akanipa spana yake ya kumi na nne na kusema nikae nayo, anazo mbili. Nikafunga pedi, nikafunga tairi, nikajaribu breki, ikashika sawasawa. Nilipomaliza niliifuta ile spana nikaitundika kwenye pengo. Umbo lilienea kasoro kidogo upande wa pete, kile kichwa chake cha duara. Nikasimama nikautazama ubao umejaa, mara ya kwanza tangu uondoke, nikasema moyoni kwamba haya, hatumhitaji mtu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, nilimleta Mama bandani nikamkalisha kwenye kiti kando ya mlango ili nisogeze gari. Nikaingia garini, nikawasha, nikatazama nyuma. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Mkongojo ulikuwa bado umeegemea kiti. Mama alikuwa amesimama ubaoni, hatua sita toka pale alipokuwa, mkono mmoja umeshika meza ya kazi na mwingine unaivua ile spana ya mchomeleaji msumarini.

Nilizima gari nikakimbia. Nikamuuliza anafanya nini. Akaiweka spana juu ya meza, akaisukuma mbali kidogo, akaniambia bila kunitazama, "Hapo pana mwenyewe." Kisha akasema, "Nishike basi. Ya kuja nimeiweza, ya kurudi imenishinda."

Hospitali mtaalamu alimpima akasema mguu haujasahau, ila umechelewa, na sasa tusikose hata siku moja. Nilipomweleza zile hatua sita alidhani natia chumvi.

Hasira zangu hazijaisha, Kaka, usije ukadhani barua hii imegeuka. Nimekasirika kwa boksi, nimekasirika kwa utepe, na zaidi nimekasirika kwamba mimi namnyoosha mguu kila siku hapigi hata hatua, halafu anatembea kwa ajili ya pengo lako. Spana ya mchomeleaji nimeihifadhi kwenye droo. Boksi jekundu lipo, bado linang'aa, utalikuta. Usitume kingine chochote. Fungua ule utepe, itie spana mfukoni mwa koti kama ulivyoitia mara ya kwanza, uilete mwenyewe. Usimpe msafiri wala usiitume kwa posta. Mama hatakubali kuipokea kwa mkono wa mtu mwingine, na mtaalamu amesema asisumbuliwe.

Msalimie wifi yangu na umwambie yeye sina ugomvi naye. Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu na anaomba msamaha kwa bolti, ingawa bado anasema iliingia vizuri. Mama mdogo anakuuliza kama unavaa nguo nzito. Wanangu wanamsalimu mjomba wao. Mama hana salamu. Yake alishayasema pale ubaoni.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akutunzie mikono yako na afya yako mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimefura.

Banda bado nalifunga pengo likiwa wazi, kama alivyofanya Baba.