Moshi wa Kihonda

Kihonda, Morogoro
Machi 1998

Mjomba Andrea,

Shikamoo. Kabichi ulizotutumia kutoka huko mlimani zimefika. Nimeziosha, maji yakabaki safi. Mchicha wangu wa hapa uani ukiuosha, maji yanakuwa meusi kama ya kuoshea sufuria.

Kiwanda hakizimwi tangu tajiri mpya akinunue serikalini. Siku bomba lilipoanza tena kutoa moshi, mtaa mzima tulipiga vigelegele, maana moshi ni kazi. Mdogo wangu Ignas akapanga chumba pembeni mwa ukuta wa kiwanda, ili awahi getini kuitwa kibarua. Mpaka leo akiamka hutazama bomba kwanza, ndipo asalimie watu.

Wiki iliyopita alianguka palepale getini, ameshika kifua. Nilidhani ni mapafu. Daktari akasema ni moyo. Moshi wa miaka yote hiyo hauishii kifuani, unaingia kwenye damu na kuharibu mishipa. Akauliza kama tuna pa kumhamishia, mbali na moshi.

Nikamwambia nitakuandikia, mjomba. Nimesikia shamba la marehemu mama unataka kumpa mtu mwingine, kwa sababu Ignas alikwambia hana haja na jembe la mlimani. Ni kweli alisema, na kwa kiburi. Lakini ardhi ya ukoo iko mikononi mwako, si mwangu.

Sikubembelezi. Ignas atapanda mlima huo, kwa miguu yake au mabegani mwa watu. Ukimnyima mahali pa kuishi, pa kuzikwa huwezi kumnyima.

Mpwa wako,
Josephina