Punda wa Mzee Mtoro

Shule ya Misheni,
Njia ya Mbegani, Bagamoyo.
Sikukuu ya Watoto Mashahidi, 1953.

Kwa dada yangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Wilbrodi, na ile homa uliyokuwa nayo mwezi wa kumi imekwisha kukuacha. Huku kwetu hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia, na mvua za vuli zimekuwa haba hata mihogo imenyauka. Doti za kanga ulizotuma zimefika. Ulisema moja ya Mama na moja yangu, lakini Mama amezichukua zote mbili akazipitisha nyumba hata nyumba, awaonyeshe watu kwamba mwanawe wa Kilosa hamsahau. Yangu bado sijaivaa.

Kabla sijaendelea, nina ujumbe wako kutoka kwa Padri. Mimi ndiye niliyeagizwa kuuandika, na nitauandika, lakini mahali pake ni huko chini. Nakujua, utaruka mistari uuwahi. Usiruke. Nimekaa na mambo haya tangu Majilio, nawe utayasoma kama yalivyonijia.

Ulipoolewa uliniachia darasa la wasichana pamoja na kazi zote za Noeli: pango, nyimbo, na mchezo wa safari ya Bethlehemu. Mwaka jana sikuweza kufanya kitu kwa sababu surua iliingia na shule ikafungwa. Basi mwaka huu ndio uliokuwa wangu. Nilitaka kitu kimoja tu, dada, nami nakuambia wazi usije ukadhani ni makuu: nilitaka Noeli moja ipite hapa misheni, watu waseme Mwalimu Klementina kaiandaa vizuri, wasitaje jina la mtu mwingine.

Nilijidanganya. Siku ya kwanza niliwapeleka wasichana ufukweni wakate matawi ya mvinje ya kupambia kanisa. Tuliporudi nayo, Katekista Kasian akasimama mlangoni, akayatazama, akasema kwa upole wake ule kwamba Mwalimu Verdiana alikuwa akipenda yaliyo mafupi, yaliyoshonana. Nikayafupisha. Tukajenga pango kwa makuti na udongo. Sista akapita, akasema ni zuri, ila la Verdiana mlango wake ulielekea baharini. Nikahamisha mlango. Hata watoto nilipokuwa nikiwafundisha sauti ya pili walikuwa wakinisahihisha. Kuna kasichana kamoja, Ashatu, mjukuu wa jirani yetu Bibi Adija, ambaye hakuwahi hata kukukuta hapa shuleni, naye akanyoosha mkono kunijulisha kwamba Mwalimu Verdiana hakuwa akipiga meza kwa rula. Nilipomwuliza kayapata wapi, akasema nyumbani kwao.

Bibi Adija mwenyewe ndiye aliyezidi. Nilikwenda kumwomba atupikie pilau ya watoto kama desturi yake, maana unajua hakuna Mkristo hapa anayemfikia kwa pilau. Akanikaribisha, akanipa kahawa, akakubali bila maneno mengi. Maneno mengi yalikuja baadaye, na yote ni yako: ulivyokuwa ukija kumchambulia mchele mwenyewe bila kuombwa, ulivyojua bizari ipi iko kwenye kikapu kipi, ulivyokuwa na mkono mwepesi. Mimi nilikuwa nimekaa palepale mkekani, nachambua mchele huohuo.

Wiki ya tatu ya Majilio Padri akaniita. Alikuwa na kadi mkononi, yenye picha ya nyota. Akaniambia kwa furaha kwamba umemwandikia, kwamba shemeji amepata uhamisho, anakuja kufanya kazi ya uganga hospitali ya Bagamoyo, na mwezi wa pili mtakuwa mmekwisha kuhamia. Nikaitikia ndiyo, Padri, kama mtu aliyejua. Sikujua. Mimi, tumbo moja na wewe, kitanda kimoja mpaka nilipovunja ungo, nasikia habari zako kwa Mzungu. Nilikwenda nikasimama nyuma ya ghala la shule mpaka kengele ikalia. Sikulia.

Sasa nije kwa punda. Mzee Mtoro, yule mwenye minazi kabla hujafika Mbegani, alikubali kutuazima Subira kama alivyokuwa akikuazima wewe. Alimleta siku ya mazoezi, akamfunga kwenye mkorosho, akaenda zake. Paskalia, aliyekuwa Bikira Maria, akapanda. Yusufu akashika kamba. Subira akatazama chini. Tulimvuta, tukampa majani ya viazi. Majani aliyala, na miguu akaikita palepale. Kasian akacheka, akasema mbona hiyo ni kazi rahisi, nimwite tu kama dada yangu alivyokuwa akimwita, na hapohapo watoto wakaanza kuiga ile sauti yako ya puani, ya kubembeleza.

Sauti hiyo naijua kuliko wao wote. Ndiyo uliyokuwa ukininyweshea uji nilipokuwa na homa: haya mama, haya kidogo tu, haya hiki cha mwisho. Nikasema hapana, punda huyu atakwenda kwa kuvutwa au hatakwenda. Tukamaliza mazoezi wavulana wakimsukuma matako, na Bikira Maria anacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Kasian akatikisa kichwa akasema nina roho ngumu. Ninayo.

Siku ya Noeli yenyewe, baada ya Misa, uwanja ulijaa. Walikuja watu wote wa misheni, wakaja na majirani Waislamu katika kanzu safi. Wanawake walikaa mikekani karibu na masufuria ya Bibi Adija, Padri na Sista wakakaa vitini. Mama alikuwa mbele kabisa, doti moja amejifunga na ya pili, ile yangu, ameitandaza begani. Watoto waliimba vizuri. Waliimba vizuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na hilo hakuna atakayekuandikia isipokuwa mimi. Kisha Maria na Yusufu wakatokea nyuma ya darasa, Subira akaja vizuri akisukumwa kwa siri na wavulana wangu, na walipomwachia katikati ya uwanja akagoma.

Yusufu alivuta. Wachungaji wakaacha kondoo wao wakaja kusukuma, malaika nao wakaja. Punda akatoa ule mlio wao wa kuaibisha, watu wakaangua kicheko, wimbo ukakatika. Paskalia akanitazama kutoka juu ya punda. Mdomo ulikuwa unamtetemeka, na mama yake yuko pale na jamaa zake wote waliotoka Kerege kuja kumwona. Kasian akanipa ishara kwa kidevu. Nilijua anataka nini. Nilijua pia kwamba nikifanya hivyo Noeli yangu imekwisha, nimeitwaa kwa mikono yangu nikakukabidhi wewe uliye Kilosa umekaa. Lakini yule mtoto alikuwa tayari kulia mbele za watu, na kosa halikuwa lake.

Nikaenda, nikamshika punda sikio, nikamsemesha. Haya mama. Haya kidogo tu. Sikuwa nimepanga namna ya kusema, maneno yalikuja yenyewe na pua yake. Subira akainua kichwa akaanza kwenda. Nilitangulia mbele nikimbembeleza, naye akanifuata mpaka pangoni kamba ikiwa imelegea, akasimama mlangoni kwa adabu kama mtu aliyebisha hodi.

Vigelegele vilivyopigwa vilifika barabarani. Kwa muda mfupi sana nilidhani ni vyangu. Kisha Bibi Adija akasimama na upawa mkononi, akasema wallahi huyu ni Verdiana mtupu, angefumba macho angeapa umerudi. Mama akalia, akajifutia machozi kwa kanga yangu. Kasian akawaambia waliokuwa karibu naye kwamba yeye alisema tangu siku ile. Padri naye akaja akanishika bega, akasema sauti ile imemkumbusha jambo, nikuandikie haraka: nafasi yako ingalipo. Darasa la wasichana na shughuli zote za sikukuu ni zako kuanzia mwezi wa pili, nami nitarudi kwa watoto wa darasa la kwanza ambako, alisema, nilikuwa nafaa sana. Huo ndio ujumbe, dada. Pilau ilipakuliwa, nikaambiwa ni tamu ajabu. Mimi sikuionja.

Kesho yake nilimrudisha punda mwenyewe, maana sikutaka kukaa nyumbani nisikilize sifa zako. Njiani hakukubali kwenda ila kwa sauti ile, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia nikambembeleza njia nzima, huku nimekasirika. Mzee Mtoro alikuwa uani anafua nazi. Alipotuona tunaingia, mimi mbele na punda nyuma, fimbo hakuna, akaacha nazi zake akauliza nimemfanya nini mnyama huyu. Nikamjibu si kitu, ni sauti tu aliyozoeshwa na dada yangu. Akauliza dada yupi. Nikamwambia Verdiana, nani mwingine. Akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kikoi.

Dada, Subira wako alikufa. Alikufa masika iliyopita, wakamzika kwenye minazi. Huyu Mzee Mtoro amemnunua Makurunge baada ya Idi, na anamwita Subira kwa sababu punda wake wote huwaita Subira. Anasema jina likishamkaa mdomoni haoni haja ya kutafuta jingine. Rangi ni ile, ukaidi ni uleule, ndiyo maana sote pale shuleni hatukumtambua. Yeye mwenyewe tangu amnunue hajamwendesha bila fimbo, na aliniomba nimfundishe ninavyomwambia. Punda yule hajakuona hata siku moja. Hajui kama kuna mtu anaitwa Verdiana. Aliyemwita ni mimi, na akaniitikia mimi.

Nilirudi peke yangu naimba. Mpaka sasa sijamwambia mtu, si Padri, si Kasian, wala Mama. Nilifikiri kusimama Jumapili baada ya Misa niwatangazie wote, kisha nikaona nitachekwa, mwanamke mzima anamgombania punda na dada yake. Wao wasipojua haidhuru. Nimetaka ujue wewe.

Nakuonea wivu, Verdiana. Nimeshalisema. Nakuonea wivu tangu Mama alipokuwa akitusuka, wewe kwanza kwa nafasi yake, mimi baadaye kwa haraka kabla jua halijazama. Si kwamba sikupendi. Nisingekupenda nisingekuwa na sauti yako puani mwangu miaka yote hii. Wala sitakuomba ukatae kazi. Nilitaka kukuomba, niliandika karatasi nzima ya kukuomba nikaichoma jikoni. Njoo. Mama atafurahi, watoto watafurahi, na mimi nikishamaliza kununa nitafurahi pia. Ila siku nyingine ukiwa na habari za kuhama, anza kuniandikia mimi kabla ya mapadri.

Mama anakusalimu, anasema mje na mbegu za ile mboga ya Kilosa. Bibi Adija anakusalimu sana, amekuwekea kikapu cha bizari. Kasian na Sista wanakusalimu. Nisalimie shemeji Wilbrodi, umwambie nyumba zilizo karibu na hospitali zinavuja, atazame paa kabla hajapokea ufunguo. Kanga yangu nimeondoka hapa mezani sasa hivi nikamdai Mama, amenipa, na mistari hii ya mwisho naiandika nimeivaa.

Mungu awalinde njiani. Mkifika, darasa la wasichana chukua. Chukua na pango, na mlango wake uelekee unakotaka. Punda niachie.

Mdogo wako,
Klementina