Yule Kaka Hakuwa Mtu wa Kumwacha Mdogo Wake

Aabo, baba yangu,

Asalaam aleikum. Huku Isiolo mvua imechelewa, na mimi bado nina hasira na mwisho wa ile manga yetu.

Ulipovunjika nyonga na lori lako likapewa dereva mwingine, ulikuwa unashinda kwenye baraza ukigombeza kila anayepita. Ndipo nikaanza kukusomea ile hadithi ya picha ya Kijapani kwenye simu, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Siku ya kwanza ulinicheka. "Msichana mzima wa chuo, unasoma katuni?" Wiki ya pili ukawa unaniita mwenyewe baada ya swala ya alasiri: "Njoo tujue kama wale ndugu walivuka mlima."

Walikuwa wawili. Mdogo alikuwa kipofu, na kaka yake alimbeba mgongoni nchi nzima akimtafutia tiba. Vitabu kumi na viwili! Alikataa ufalme kwa ajili yake, akalala njaa ili mwenzake ale. Ulimpenda sana yule kaka. Akipita kwenye theluji uliniambia nisome polepole, asije akateleza.

Halafu ikaja sura ya mwisho. Kaka alimweka mdogo wake kando ya mto, akaondoka. Hakusema neno, hakugeuka nyuma. Basi.

"Rudi nyuma," ukasema. "Umeruka ukurasa."

"Sijaruka, Aabo."

"Basi huyu si yeye. Mtu hageuki hivi kwa ukurasa mmoja. Lazima kuna kitu kilitokea na hawakutuchorea."

Nikakusomea malalamiko ya mashabiki wenzetu mtandaoni, nikidhani utacheka. Hukucheka. Ulisukuma kikombe cha chai kando, ukasema, "Nipigie Yusuf."

Nilishtuka. Wewe na Adeer Yusuf, mdogo wako wa Korbesa, hamkuwa mmeongea kwa miaka sita, tangu akose mazishi ya nyanya. Nyumbani tulikuwa hatulitaji hata jina lake. Nikatafuta namba, nikakupa simu.

"Yusuf, ni mimi. Wewe ulimpenda mama kutushinda sote. Mbona hukuja kumzika?"

Akakueleza. Mto ulikuwa umefurika, barabara imekatika, akakaa ng'ambo siku tatu. Alipofika, wewe ulikuwa umeshaagiza asifunguliwe mlango.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Uliweka simu kifuani ukalia. Sikuwa nimewahi kukuona ukilia.

Ijumaa iliyofuata alifika na maziwa ya ngamia, mkaongea hadi mama akalazimika kuwakumbusha kula. Mlipata miezi minne, kisha ukatutoka. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea.

Bado nasema mwandishi alikosea, Aabo. Yule kaka asingeondoka hivyo, na kama ilibidi aondoke, tulistahili kuambiwa sababu. Lakini siku nyingine nawaza: hadithi ingeisha vizuri, ungetabasamu ukajilalia, na ile simu isingepigwa. Wazo hilo linaniuma, tena linanituliza.

Saa ya alasiri ndiyo ngumu zaidi kwangu. Siku hizi Adeer anakuja kila Ijumaa, na ameniomba nimsomee. Tuko kitabu cha tatu, na anabishana na kila ukurasa.

Mola akulaze mahali pema. Niishie hapa, Adeer ameketi barazani ananiita.

Binti yako wa kwanza